Pampu ya Ploti Inasumbua: Uirekebishe Tena au Ununue Mpya?

Umemtumia fundi wa pampu pesa mara ngapi mwaka huu? Usijibu kwa kukumbuka. Fungua simu yako, tafuta jina lake kwenye meseji za malipo, halafu hesabu. Si ajabu ukadhani ni mara mbili, kumbe ni nne.

Makala haya tumeyaandika kwa mwenye ploti, kwa keateka, na kwa mpangaji yeyote ambaye amewahi kugongewa mlango achange pesa ya pampu. Tumeyaandika tukiifikiria Kaptembwo, kwa sababu huku pampu si kitu cha anasa. Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021, lakini maji ya mfereji bado huja kwa zamu. Yakija, ploti inajaza tangi la chini. Kutoka hapo pampu ndiyo inayoyapandisha hadi tangi la juu, na tangi la juu ndilo linalolisha mifereji ya vyumba vyote. Pampu ikilala, ploti nzima inalala nayo: choo hakimwagwi maji, nguo hazifuliwi, na watoto wanatumwa na mitungi kabla ya kwenda shule.

Swali la kurekebisha au kununua huwa linaamuliwa vibaya kwa sababu linaulizwa siku mbaya. Maji yameisha, wapangaji wanalalamika, fundi amesimama hapo na spana mkononi anasema, "Mama, ukinipa elfu mbili saa hii, jioni maji yatakuwa juu." Nani atakataa? Elfu mbili ni ndogo kuliko bei ya pampu mpya, basi unatuma. Miezi miwili baadaye mko palepale.

Tunavyoona sisi, bei ya fundi ya leo peke yake haikuambii lolote. Unahitaji kujua mambo mengine matatu: pampu hii imekula ngapi tangu ianze kusumbua, imeharibikia wapi hasa, na kila siku bila maji inagharimu nani.

Pesa iko kwa meseji

Tuchukue mfano. Hesabu hizi ni za kutunga, weka zako mahali pake. Ploti ina vyumba 14. Pampu ni ile ndogo ya nusu hospawa, inayopatikana karibu kila hadiwea. Mwenye ploti anapekua meseji zake na kupata hivi: Februari alilipa shilingi 600 za kapasita. Aprili akalipa 1,800 za sili na beringi. Julai mota iliungua, ikasukwa koili upya kwa 3,500. Sasa ni Septemba, pampu imelala tena, na fundi anataka 2,200.

Tangu Februari tayari zimetoka 5,900. Akilipa hii ya leo zitakuwa 8,100. Tuseme pampu mpya ya aina hiyohiyo ni 7,500. Yaani atakuwa ameshanunua pampu nzima na chenji kidogo, ila pampu yenyewe hana.

Hiyo haimaanishi kila malipo yalikuwa ya bure. Kapasita ya Februari ilikuwa sawa kabisa, na mtu yeyote mwenye akili timamu angeilipia. Sili na beringi pia, kwa pampu ambayo mwili wake bado mzima. Koili ya Julai ndiyo tunayoitilia shaka, na tutaeleza kwa nini.

Kama ulilipa kwa pesa taslimu huwezi kuipata hesabu hii, na huo ndio ubaya wake. Ukilipa kwa simu, kila malipo yana tarehe, saa, jina na nambari ya muamala. Meseji zikifutika, unaweza kuomba taarifa ya akaunti yako ya miezi iliyopita na kutafuta jina la fundi humo. Mzee wa ploti asiyependa mambo ya taarifa anaweza kumwambia kijana wake amsaidie kuisoma. Lakini PIN abaki nayo mwenyewe, hata kijana akiwa wa damu.

Jua kwanza imekufa wapi

Pampu haifi yote kwa pamoja. Kuna sehemu za bei rahisi na kuna sehemu za bei kali, na dalili zake si sawa. Ukizijua, fundi hawezi kukuuzia ugonjwa ambao haupo.

Ukiwasha ikanguruma bila kuzunguka, mara nyingi ni kapasita, kile kikopo kidogo kinachoipa mota msukumo wa kuanza. Ni moja ya vipuri rahisi zaidi kwenye pampu. Wakati mwingine ni shafti iliyoganda kwa sababu pampu ilikaa wiki kadhaa bila kuwashwa, na fundi akiizungusha kwa mkono inaachia. Usikubali kuambiwa "mota imekwisha" kabla kapasita haijajaribiwa. Na usiichokore mwenyewe: kapasita inaweza kubaki na chaji hata baada ya stima kuzimwa.

Maji yakidondoka katikati, pale mota inapokutana na kichwa cha pampu, ni sili. Hii nayo si bei kubwa, lakini haingojei. Ukiiacha, maji yanaingia kwenye beringi, beringi zinaanza kupiga kelele kama mawe ndani ya debe, halafu maji yanafika kwenye koili. Kitu cha mia kadhaa kinageuka kuwa cha maelfu kwa sababu tu tulisema tutaangalia mwisho wa mwezi.

Ikizunguka vizuri lakini maji hayapandi, usikimbilie kuilaumu pampu. Angalia futivalvu, ile valvu iliyo mwisho wa paipu ndani ya tangi la chini. Kazi yake ni kuzuia maji yasirudi pampu ikizimwa. Ikikwamishwa na mchanga au ikichakaa, paipu inabaki na hewa, na pampu haiwezi kuvuta hewa. Vilevile jointi moja iliyolegea upande wa kuvuta inatosha kuingiza hewa, hata kama huoni tone la maji nje. Tungependa ulichukulie hili kwa uzito, maana pampu inaweza kubadilishwa ilhali shida ilikuwa kwenye valvu.

Ikiangusha swichi ya stima papo hapo inapowashwa, hapo kuna jambo. Huenda koili imeungua au maji yameingia ndani ya mota. Na kama mtu amewahi kupigwa shoti alipoigusa pampu au paipu yake, izime kabisa, na isiwashwe hadi fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA aikague pamoja na waya wa athi. Hapo hesabu za shilingi hazina nafasi. Ni mama anafua karibu na maji yaliyomwagika, ni mtoto yuko peku.

Sasa, koili. Kusuka koili upya ni kazi ya mikono na waya wa shaba, na bei yake haipungui sana kwa sababu mota ni ndogo. Kwa pampu kubwa, ya hospawa moja na nusu kwenda juu, mara nyingi inalipa kusuka, kwa sababu mpya ni ghali. Kwa hizi za nusu hospawa, bei ya kusuka inakaribia sana bei ya mpya. Juu ya hayo, ile sababu iliyounguza koili ya kwanza bado iko pale ukutani ikingoja ya pili. Kwa pampu ndogo iliyoungua koili, ushauri wetu ni ununue nyingine, isipokuwa bado iko kwenye waranti.

Kwa makosa mengine, kipimo ambacho watu wengi hutumia ni nusu: rekebisho moja likizidi nusu ya bei ya mpya, fikiria kununua. Ni kipimo kizuri cha kuanzia, ila kina tundu. Mafundi wengi hawaombi nusu mara moja. Wanaomba robo, kisha robo nyingine, kisha robo. Ndiyo maana tumeanza na meseji.

Jaribio la mtungi

Kuna pampu ambayo haijafa lakini imezeeka. Inawaka, inasukuma maji, hakuna anayelalamika, kumbe inafanya kazi ya saa moja kwa saa mbili na nusu. Hii unaipima kwa mtungi wa lita 20 na saa ya simu.

Panda juu, au umtume kijana, akinge maji pale yanapoingilia tangi la juu, na ahesabu sekunde hadi mtungi ujae. Ukijaa kwa sekunde 48, pampu inatoa lita 25 kwa dakika. Ukichukua dakika mbili, inatoa lita 10 tu. Andika hiyo nambari siku pampu ikiwa mpya, na uirudie kila baada ya miezi mitatu. Ni jaribio la bure.

Turudi kwa ile ploti ya vyumba 14. Tuseme kila chumba kinatumia mitungi minne kwa siku: hiyo ni mitungi 56, lita 1,120. Kwa lita 25 kwa dakika, pampu inawaka dakika 45 hivi. Kwa lita 10, inawaka karibu saa mbili. Kama pampu inakula nusu kilowati, kwa mwezi hiyo ni tofauti ya uniti 11 dhidi ya 28. Ukiweka shilingi 30 kwa kila uniti, pampu iliyochoka inakula zaidi ya shilingi 500 za tokeni kila mwezi ambazo hazileti hata tone moja la ziada.

Kinachosababisha uchovu huo mara nyingi ni impela, ile gurudumu ndogo ya ndani inayosukuma maji. Huku kwetu Bonde la Ufa udongo una majivu na kokoto za volkano, na tangi la chini likikaa miaka bila kusafishwa, mchanga laini unaokaa chini unavutwa na kuisaga impela kidogo kidogo kama msasa. Vumbi la Nakuru nalo linaziba feni ya nyuma ya mota, na mota inashindwa kupoa. Impela inaweza kubadilishwa ikiwa kipuri kipo na mwili wa ndani haujalika. Mwili ukiwa umelika pia, impela mpya haitakurudishia nguvu ya zamani.

Siku bila maji inalipwa na nani?

Hapa ndipo hesabu nyingi zinapotea, kwa sababu gharama hii haiko kwenye simu ya mwenye ploti. Iko kwenye simu za wapangaji.

Pampu ikilala, wale 14 wanaanza kununua maji ya mkokoteni au ya punda. Tuseme mtungi ni shilingi 20. Mitungi 56 ni shilingi 1,120 kwa siku, ploti nzima. Katika mfano wetu, tuseme Februari walikaa siku moja, Aprili siku mbili, Julai siku tano wakingoja koili isukwe. Siku nane. Hizo ni shilingi 8,960 zilizotoka mifukoni mwa wapangaji. Ni zaidi ya zote alizolipwa fundi kwa mwaka, na ni zaidi ya bei ya pampu mpya, ila hakuna aliyeziandika popote.

Ukweli ni kwamba si wote watanunua mitungi minne. Wengine watapunguza matumizi. Wengine watafungua kifuniko cha tangi la chini na kutumbukiza ndoo yenye kamba, ndoo ileile iliyokaa chini ya sinki. Kwenye ploti yenye choo kimoja au viwili vya pamoja, huna haja ya kuelezwa hiyo inaelekea wapi. Na kifuniko kilichoachwa wazi kwenye ploti yenye watoto ni hatari ambayo haingojei ugonjwa.

Mwenye ploti anaweza kusema, hiyo ni pesa yao, si yangu. Mpaka vyumba viwili vihame mwisho wa mwezi. Chumba kimoja kikikaa tupu mwezi mmoja tu, fananisha kodi yake na bei ya pampu.

Kwa hiyo unapolinganisha, usimuulize fundi bei tu. Muulize: itachukua siku ngapi? Rekebisho la 2,200 linalochukua siku tano si rahisi kuliko pampu ya 7,500 inayofungwa leo jioni. Mafundi wengine wana pampu ya kuazima ya kushikilia siku mbili tatu. Ukimpata wa hivyo, mhifadhi.

Pampu mpya itauawa na kitu kilekile

Kabla ya kununua, jua nini kiliua ya kwanza. Kwenye eneo la maji ya zamu, mshukiwa mkuu ni kuwaka bila maji. Keateka anawasha saa kumi na mbili asubuhi, anaenda shughuli zake, tangi la chini linaisha saa moja, na pampu inaendelea kuzunguka kavu. Maji yanayopita ndani ndiyo yanayoipoza sili. Bila maji inachemka na kuharibika, mara nyingine kwa dakika chache tu.

Dawa yake ni swichi ya boya kwenye tangi la chini: maji yakishuka, boya linashuka, stima inakatika yenyewe. Nyingine kwenye tangi la juu inazuia maji kumwagika. Ni kifaa cha bei ndogo ukilinganisha na pampu, na tungekushauri usinunue pampu mpya bila kuweka hela ya boya pembeni.

Mshukiwa wa pili ni stima hafifu. Mota hizi zimetengenezwa kwa volti 240 hivi. Jioni, kila mtu akiwa anapika na kupiga pasi, volti zikishuka sana mota inavuta mkondo zaidi na kuchemka. Ukiona balbu zinafifia, hiyo si saa ya kupampu. Pampu mchana au usiku sana, au ufungiwe kifaa kinachokata stima volti zikienda vibaya.

Na tafadhali, pampu ivute kutoka kwa tangi lako, isiunganishwe moja kwa moja kwenye laini ya NAWASSCO. Unawanyang'anya majirani presha, na kama bomba limepasuka mahali karibu na mtaro, unajivutia maji machafu hadi kwenye sufuria yako.

Ukiamua kununua

Soma kibao kilicho ubavuni mwa pampu, lakini ukisome kwa ujanja. Ukiona imeandikwa lita 40 kwa dakika na mita 40 kwenda juu, usidhani itakupa vyote pamoja. Zile mita 40 ni urefu ambao maji yanaishia, yaani hapo hakuna kinachotoka. Na zile lita 40 ni pampu ikiwa haipandishi kokote. Jengo la ghorofa tatu lenye tangi juu ya paa ni kama mita 12, na kona za mabomba zinakula nguvu pia. Mwambie muuzaji urefu wako na akuonyeshe jedwali la pampu hiyo: kwa mita 15, inatoa lita ngapi? Asiyeweza kukujibu anauza boksi.

Jambo moja la kwetu huku juu. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi. Pampu ya juu ya ardhi hainyonyi maji kwa nguvu zake zenyewe, ni uzito wa hewa unaoyasukuma. Pwani kikomo cha hesabu ni mita 10 hivi. Hapa ni kama 8, na kwa kazi halisi ni chini ya hapo. Kwa tangi la chini lenye kina cha mita mbili hakuna shida. Ila kama una kisima kirefu, hospawa kubwa haitakusaidia. Unahitaji pampu ya kuzamishwa ndani ya maji.

Usinunue kubwa kupita kiasi. Hospawa moja kwenye ploti ya vyumba 14 itajaza haraka, ndiyo, lakini itamaliza tangi la chini haraka pia, na tumeshasema kinachofuata. Uliza pia kama koili ni ya shaba au ya alumini, na kama impela na sili zake zinapatikana Nakuru. Pampu ya bei poa isiyo na vipuri ni ya kutumia mara moja.

Lipa kwa nambari ya tili ya duka, si kwa nambari ya simu ya kijana wa kaunta. Jina linalotokea kabla hujaweka PIN lifanane na jina lililo ukutani. Omba risiti yenye nambari ya pampu na muda wa waranti, uipige picha pamoja na meseji ya malipo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 iko upande wako ikiwa bidhaa ni mbovu, lakini itabidi uonyeshe ulinunua wapi na lini, na meseji hiyo ndiyo ushahidi wako. Uliza kabla ya kuondoka: waranti inakataa nini? Nyingi hukataa pampu iliyochomeka kwa kuwaka kavu au iliyofunguliwa na fundi wa nje.

Ukiona pampu mtandaoni kwa nusu ya bei ya mjini, na muuzaji anataka "depositi kidogo tu ya usafiri" kwa nambari yake binafsi, mwache. Pesa uliyotuma kimakosa unaweza kuiripoti haraka na ukasaidiwa. Pesa uliyomtumia tapeli kwa hiari yako huwa imeshatolewa kabla hujamaliza kupiga simu.

Kulipa fundi bila kugombana

Fundi mzuri ni mali, na wengi wa jua kali ni waaminifu. Lakini mpangilio wa malipo unawasaidia nyote wawili. Vipuri vikihitajika, lipa duka la vipuri moja kwa moja kwa tili. Fundi abaki na bei ya mkono wake. Hapo utajua sili ni ngapi na kazi ni ngapi. Akuachie vipuri vya zamani. Nusu ya pesa ya kazi itume akianza, na nusu baada ya jaribio la mtungi mbele yako. Mkikubaliana bei kwa mdomo, mtumie meseji fupi: "Kubadilisha sili na beringi, 1,800 na vipuri, ukiharibika ndani ya siku 30 unarudi bila malipo." Akijibu "sawa mkubwa" inatosha.

Wapangaji mkichanga, msitume kwa simu ya keateka bila mpango. Si kwamba keateka ni mwizi. Ni kwamba pesa za watu 14 zikichanganyika na za kwake za unga, hata yeye hataweza kuzieleza. Chagueni nambari moja au akaunti ya kikundi, na kila malipo yanayotoka, meseji yake ipelekwe kwa grupu ya ploti siku hiyohiyo. Na kama mnachanga kwa makubaliano kwamba itakatwa kwenye kodi, mwenye nyumba athibitishe kwa meseji kabla ya pesa kutoka. Ukikata kodi kwa ahadi ya mdomo, mwezi ukiisha huna la kujitetea.

Pesa itoke wapi?

Kila chumba kikitenga shilingi 50 kwa mwezi, vyumba 14 vinatoa 700, na kwa mwaka ni 8,400. Hiyo ni pampu mpya ya mfano wetu, na 900 za kuanzia boya. Mwenye ploti anaweza kutenga hiyo 700 mwenyewe siku kodi inapoingia, kwenye akiba iliyofungwa isiyochanganyika na matumizi.

Mkopo wa simu je? Tunautoa, kwa hivyo tuseme wazi. Kukopa kununua pampu iliyokufa tarehe 24, wakati kodi inaingia tarehe 5, kuna maana: siku za kusubiri ni chache na pesa ya kulipa inajulikana inatoka wapi. Soma jumla utakayorudisha, si ada ya siku moja, kwa sababu ada ya siku huonekana ndogo hadi uizidishe kwa 12. Lakini kukopa kwa ajili ya rekebisho la nne la pampu ileile hatukushauri. Utakuwa bado unalipa mkopo huku pampu imelala tena.

Pampu mpya ikishafungwa, andika tarehe kwa makapeni kwenye ubao wa mlango wa tangi, pamoja na sekunde za mtungi wa kwanza. Na ile ya zamani usimpe fundi abebe tu. Ina shaba, chuma, na pengine kapasita uliyonunua Februari bado inafanya kazi. Muulize chuma chakavu wananunua kwa ngapi kilo, kisha mpatane.